Siku Mwamvita Aliponiita Mheshimiwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, uliyeacha ofisi yenye feni ukaja kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, Mheshimiwa Diwani wetu, Sheikh wetu na Padri wetu, ambao mmekaa bega kwa bega na nimewaona mnagawana karanga, Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Abdulatifu wa shirika lililotuletea mashine, ambaye nitamfikia mbele kidogo na naomba ajiandae, walimu wetu, wazee wa Kwihara, ndugu zetu mliotoka Gongoni kwa bajaji na ninyi mliotoka mbali kabisa Usinge mkafika na vumbi mpaka kwenye kope, akina mama wa kikundi cha Tusichoke, wenye shughuli yenu, na ninyi watoto, mliokaa mbele ya wote kwa sababu sufuria la uji liko mbele: Mwangaluka!

Sijasikia. Mwangaluka!

Hapo sawa. Sasa najua tuko Unyanyembe.

Wasemaji wengine wakifika hapa husema "itifaki imezingatiwa", wakawaruka watu. Mimi siwezi. Mtu ameoga, amepiga pasi, amekuja mpaka hapa, halafu umzingatie kwa jumla kama gunia la mihogo? Kama kuna niliyemsahau anyooshe mkono, nitamtaja hata kwa jina la nyanya yake.

Kwa wageni wasionifahamu, naitwa Uwesu, lakini ukifika Kwihara ukauliza Uwesu utazungushwa. Uliza Mjomba. Kijiji hiki nusu ni wapwa zangu, na nusu nyingine ni watu wanaotamani kuwa wapwa zangu. Shule niliishia darasa la sita. Wapo wenye midomo wanaosema nilishindwa masomo. Si kweli. Mwalimu mkuu alimwita marehemu baba akamwambia, "Mzee, huyu mtoto tukimwongezea elimu kitapasuka kitu." Baba aliogopa hasara, akanipa baiskeli. Na kwa baiskeli ile nimepeleka karanga Urambo, nimepeleka asali Nzega, na mwaka mmoja wa mvua nyingi nilivuka mto nikiwa nimeibeba baiskeli, na juu ya baiskeli gunia, na juu ya gunia mwenye gunia.

Msishangae. Nguvu ni ya ukoo. Babu yangu alikuwa pagazi katika njia hii hii inayopita hapa nyuma ya ghala. Siku moja alipewa pembe ya tembo ndefu kiasi kwamba ncha iliingia Bagamoyo asubuhi, na yeye mwenyewe akaingia jioni. Nani anabisha? Aliyekuwepo asimame.

Mheshimiwa, nimepewa dakika tano. Nimezipokea kwa mikono miwili na nimeziweka mfukoni. Nitazitumia nikimaliza.

Tumekuja kufungua nini leo? Ukitazama kwa macho ya haraka utasema tunafungua ghala la zamani la tumbaku lililopakwa chokaa. Chumba cha kushoto kina mashine ya kukamua mafuta ya karanga. Chumba cha kulia kina mikeka, vibao vya herufi, na watoto ambao mama zao wako chumba cha kushoto. Katikati kuna mlango, na mlango ule hauna komeo. Mama akisikia kilio anajua ni cha nani kabla hajageuka. Ni jambo dogo? Nyie wanaume wenzangu mliokunja miguu pale nyuma, semeni kama ni jambo dogo.

Nitawaambia mlango ule ulitoka wapi.

Mwaka juzi, msimu wa kuvuna karanga, mama mmoja wa hapa anaitwa Consolatha, binti wa Ulyankulu aliyeolewa kwetu, alikwenda shambani kama kila siku. Mwanawe, Asnath, alikuwa na miaka minne, naye alimwacha kwa bibi wa jirani. Bibi yule anawapenda watoto sana, ila anapenda usingizi zaidi. Asnath akaona bibi amelala, akatoka. Nje kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umepakia magunia ya karanga kwenda mjini. Akapanda, akajichimbia katikati ya magunia, akalala. Mwenye mkokoteni akaja, akapiga mluzi, safari.

Huku kijijini jua likapanda, mtoto haonekani. Jamani, mimi nimetembea misitu ya Usinge na kuna simba aliyenipisha njia, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Akina mama waliacha karanga zimekaa juu ya udongo, wakaanza kuchungulia visima. Kimoja baada ya kingine. Unajua mama anavyochungulia kisima anachoomba asione kitu ndani? Mimi nilimwona Consolatha ameshika ukingo wa kisima kile cha msikitini, akashindwa kuinamisha kichwa. Mwenzake ndiye aliyemtazamia.

Huko mjini, Gongoni, mwenye duka anashusha gunia la kwanza, la pili, la tatu analishika linakohoa.

Akamwambia, "We mtoto, nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuza karanga."

Alirudishwa jioni kwa pikipiki, ana andazi kila mkono, na hasira kwamba amerudishwa kabla ya kuuza. Tukacheka, tukalia, tukamshukuru Mungu kila mtu kwa lugha yake. Ndipo Consolatha akaniuliza mimi, msemaji wa kijiji, swali. Alisema, "Kila asubuhi nachagua nimwache nani, shamba au mtoto. Na shamba haliwezi kuanguka kisimani, lakini nisipolilima, huyu mtoto atakula nini?"

Mnalisikia swali hilo? Kwa miaka mingi tumewaambia wanawake wetu wafanye kazi kama hawana watoto, na walee kama hawana kazi. Halafu tunakaa kwenye benchi la kahawa tunajiuliza kwa nini mwanamke wa kijijini haendelei. Atakwendaje mbele, mguu mmoja tumeufunga nyumbani na mwingine tumeufunga shambani? Na asipokuwa mama anayebaki na mtoto, anabaki dada yake wa darasa la nne, na mwalimu anaita jina lake darasani na kuitikiwa na ukuta.

Wakati huo huo likaja shirika la Bwana Abdulatifu na habari ya mashine. Sharti lao lilikuwa jepesi: mashine itapewa kikundi cha wanawake chenye mahali pa kulelea watoto, chenye masikilizano, na chenye kiongozi anayeheshimiwa na watu. Kikikosa, inakwenda kijiji kingine. Ghala tulikuwa nalo. Kijiji kililitoa, na popo waliokuwa wakilikalia walihamishwa na mwenyekiti wa kikundi mwenyewe kwa ufagio na matusi. Masikilizano tulikuwa nayo. Na kiongozi ndiye huyo mwenye ufagio: Mwamvita.

Mwamvita, simama wakuone. Simama vizuri, acha kujifanya mfupi.

Huyu mwanamke, Mheshimiwa, ni Mzaramo wa Kisarawe. Ameolewa hapa na Saidi, fundi wetu wa baiskeli, tangu sote tukiwa na nywele nyeusi. Na kwa wageni wasiojua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, babu zake ndio waliokuwa wakiwangoja mwisho wa safari. Watu wamechoka, wana njaa, hawasikilizani, wangeweza kuchinjana kila msimu. Wakaona afadhali wachekane. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kofia yako, akala chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Na siku ya msiba, mtani ndiye mwenye msiba. Asipofika kukutania, hiyo ndiyo dharau.

Hayo tunayajua sote hapa. Asiyeyajua alikuwa mtu mmoja tu. Anatoka Pemba, na alichagua kuja kutukagua siku tunamzika baba yangu mdogo, Mzee Shomari.

Bwana Abdulatifu, usijifunike uso kwa ratiba. Nimeshasema ujiandae.

Basi siku hiyo nyumba imejaa, vilio vimejaa, mimi mwenyewe macho yamevimba. Mara mlango unafunguliwa, anatoka marehemu! Koti lake la kaki, kofia yake, fimbo yake, na kile kikohozi chake cha mara tatu. Ni Mwamvita. Akatuangalia, akakohoa, akasema kwa sauti ya marehemu kabisa, "Mnalia nini? Mlipokuwa mnanipa ugali na mlenda bila chumvi machozi mlikuwa mmeyaweka wapi?" Shangazi yangu, ambaye alikuwa hajafumbua mdomo tangu jana yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akakaa mlangoni, akanyoosha miguu. "Jeneza halitoki! Wanyamwezi mmezoea kupitisha mizigo kwa watu bila kulipa. Leo nataka jogoo."

Nikamwambia, "Toka mlangoni, Mzaramo wewe! Uliyeuza shamba la baba yako ukanunua ngoma!"

"Na babu yako alipoiona bahari," akasema, "alitoa kibuyu akataka kuichota aende nayo!"

"Angeichota, ingekwisha!"

Basi ndipo pikipiki ikasimama. Akashuka kijana nadhifu, miwani, mkoba. Akamwendea Consolatha taratibu, kwa adabu zile za kwao, "Samahani dada. Namtafuta mwenyekiti wa kikundi, Bi Mwamvita."

Consolatha akaonyesha kwa mkono, "Yule pale, aliyevaa koti la marehemu."

"Astaghfirullah. Na yule anayetukanana naye?"

"Yule ndiye mfiwa."

Mheshimiwa, kijana alikaa kitako chini na suruali yake nyeupe.

Tuliporudi kutoka makaburini akanijia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mzee wangu, pole sana. Nimeona kwa macho yangu uliyofanyiwa. Usiogope kusema."

Nikamwambia, "Nisiogope nini? Huyo ni mtani wangu."

"Utani gani mbele ya maiti?"

"Asingefanya vile ningemnunia mpaka Idi."

Akanitazama kwa huruma kubwa. Nikaona anachofikiri: huyu mzee ametishwa. Kadiri nilivyomweleza ndivyo alivyozidi kunihurumia, na ninyi mnanijua, mimi nikianza kueleza huwa sibani maneno. Nilipofika kwenye pembe ya babu akawa ameshawasha pikipiki. Lakini kabla hajaondoka alisema neno moja zito. Alisema kikundi ambacho mwenyekiti wake anamdhalilisha mfiwa hakiwezi kukabidhiwa mali wala watoto wa watu. Atarudi baada ya juma moja kuwasikiliza wanachama wote. Akikuta ugomvi ule ule, mashine inahama.

Habari ile iliwakata akina mama miguu. Ghala limeshapakwa chokaa. Mikeka imeshasukwa. Consolatha alikuwa ameshamwonyesha Asnath mahali atakapokaa, na Asnath alikuwa ameshapakataa kwa sababu hapakuwa na dirisha, akabadilishiwa. Sasa warudi kwenye kuchagua kila asubuhi?

Wakakutana. Nami wakaniita, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa matusi. Wakapitisha azimio. Siku mgeni atakaporudi, Mwamvita na Mjomba watakaa pamoja mbele, watapeana heshima kamili, hakuna neno la utani hata moja mpaka pikipiki iondoke. Tukaapa. Mimi kwa Korani, Consolatha kwa Bikira Maria, na Mwamvita akaapa kwa jogoo wangu ambaye wakati huo alikuwa ameshamla.

Lilikuwa azimio zuri. Lilikuwa na kasoro moja tu: tuliwasahau wazee. Hatukumwambia mtu nje ya kikundi.

Siku ikafika. Watu wamejaa ghalani kama mlivyojaa leo. Bwana Abdulatifu amekaa, mkoba magotini. Mwamvita akaingia na khanga mpya, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akapiga goti. Akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa Uwesu."

Ndugu zangu! Tangu mwanamke huyu aolewe sijapata kutoka kwake shikamoo isiyo na mwiba. Nikajibu, "Marahaba, Bi Mwamvita mpendwa. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mheshimiwa. Karibu kiti."

"Tangulia wewe, mama."

Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Mama? Amemwita mama?"

Bibi Najiat, mkubwa wetu kuliko wote, yule pale mwenye ushungi wa kijani, akasimama kwa fimbo yake. "Jamani, wajukuu zangu. Kuna nini kati yenu wawili?"

Mwamvita akasema kwa upole, "Hakuna kitu, bibi. Tunaheshimiana tu."

Bibi Najiat akashika kichwa. "Wanaheshimiana! Yallah, yamekuwa makubwa!"

Hapo kikanuka. Kwetu watani wakifikia kupeana heshima ujue kilichopo kati yao hakisuluhishiki tena. Mzee mmoja akasema ni mambo ya mirathi ya Shomari. Mwingine akasema hapana, ni uchawi. Saidi, mume wake, ambaye naye hakuambiwa, akanifuata ameshika kofia kifuani, "Mjomba, kama mke wangu amekukosea niambie mimi. Nitaleta mbuzi. Usimwite mama, nakuomba." Akina mama wa vijiji vya jirani waliokuja kujiunga wakaanza kukusanya vikapu vyao. Mmoja akasema, "Kama hawa wawili wamekosana, mimi karanga zangu siziweki humu, na mtoto ndiyo kabisa." Bibi Najiat analia kwa sauti. Na sisi tulioapa tunatazamana, tunazidi kuheshimiana, na kila tukiheshimiana watu wanazidi kulia.

Bwana Abdulatifu akageuka huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji. "Nisaidieni. Siku ile wakitukanana mlikuwa mnacheka. Leo wanasalimiana mnalia?" Akatikisa kichwa, akafunga mkoba. Nikasikia ile zipu. Mheshimiwa, nimesikia bunduki za wawindaji haramu katika msitu, lakini zipu ile ilinipita hapa.

Consolatha alikuwa amesimama pembeni, amemshika Asnath mkono. Alikuwa anamwangalia Mwamvita tu.

Mwamvita akapumua. Kisha akaruka, akaninyakua kofia kichwani, akaivaa, akapiga kelele, "Nimeshindwa! Nimeshindwa kumheshimu huyu mbeba pembe! Hivi nyie mmewahi kuona Mheshimiwa ana masikio kama majani ya mgomba?"

Nikajibu, "Rudisha kofia, mla jogoo wa maiti!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, mjini walidhani kuna harusi. Bibi Najiat akakaa chini taratibu, akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Alhamdulillahi," akasema. "Wanatukanana."

Vikapu vikarudi chini. Na kofia yangu ingali kichwani mwake, Mwamvita akamwendea Bwana Abdulatifu. Sasa hakuwa anacheka. Nitajaribu kuyasema alivyoyasema, sitaongeza chumvi, na mnajua hilo linanigharimu.

Alisema, "Mwanangu, mimi nilikuja hapa sina ndugu hata wa kunichotea maji. Siku ya kwanza tu, huyu mzee alipita barabarani akanitukana. Nikajua nimefika kwa watu. Yule aliyekufa nilimpikia miaka mingi. Siku ile wafiwa walikuwa hawajala tangu jana yake. Mtu anayelia hawezi kumeza, lakini akicheka koo hufunguka. Nilipotoka na lile koti, walikula. Unataka kujua kama naheshimiwa. Waulize hawa mama kama wangemwachia mtoto wao mtu ambaye hawawezi hata kumtania."

Bwana Abdulatifu akawatazama akina mama mmoja mmoja. Akauliza polepole, "Kwa hiyo ningekuwa mimi niliyefiwa?"

"Ungekuwa wewe," akasema Mwamvita, "ningevaa hiyo miwani."

Ndipo kijana wa Pemba akacheka. Alicheka mpaka akaivua mwenyewe akampa. Na Mwamvita akaivaa, akaufungua ule mkoba, akajifanya anatukagua. "Nyie Wanyamwezi, masikilizano mnayo?" Watu hoi.

Mashine ikaja. Ile pale. Mwezi wa tatu sasa chumba cha watoto kinafanya kazi, na wiki iliyopita mafundi walimaliza kuifunga mashine. Mabinti sita waliokuwa wanabaki nyumbani kubeba wadogo zao wamerudi shule, na walimu mnaweza kunisuta kama nasema uongo. Hili si la pembe. Asnath ameshakuwa mkubwa wa chumba, anawapanga wenzake mstari wa uji, na anayeruka mstari anarudishwa nyuma hata kama ni mtoto wa Mwenyekiti wa Kijiji. Nimeliona hilo mwenyewe, na Mwenyekiti ameliona, na amenyamaza.

Wanaume wenzangu, niseme na ninyi kidogo. Tunapenda kusema tumewawezesha akina mama. Tumewawezesha nini? Ghala lilikuwa limelala na popo ndani, na sisi tunapita nje kila siku tunakwenda kunywa kahawa. Nani aliliona? Tukiambiwa habari za njia hii ya misafara tunajipiga vifua, babu zetu mapagazi, babu zetu mashujaa. Ni kweli, babu yangu alikuwa shujaa. Lakini bibi yangu alikuwa nyuma yake katika msafara ule ule. Alibeba chungu, mkeka, unga wa wote, na baba yangu mgongoni. Wakifika kambini babu anatua mzigo, analala. Bibi anatua mzigo, anaanza kupika. Safari ni ile ile, jua lile lile, miguu ile ile. Na wimbo tukaimba wa babu peke yake. Mimi nimeusimulia ule wa pembe maisha yangu yote, na hakuna siku hata moja mtu aliyeniuliza, "Mjomba, na bibi yako alibeba nini?" Leo najijibu bila kuulizwa.

Wanawake hawa hawaombi tuwabebee. Wanaomba mahali pa kumtua mtoto ili mikono yote miwili ifanye kazi. Basi mume mwenye akili asione mke wake akirudi na pesa yake mwenyewe akahisi amepunguzwa. Mimi mke wangu yumo kikundini. Jana ameuza karanga zake kupitia kikundi, amenunua dumu, amenunua madaftari, na kwa mapenzi yake mwenyewe akaninunulia kandambili. Zinanibana, lakini nimezivaa. Mnaziona.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kwako tuna ombi moja. Barabara hii kutoka hapa mpaka mjini zamani ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha na watu waliofungwa minyororo, masika na kiangazi. Haiwezekani leo ishindwe kupitisha mafuta ya karanga ya watu huru kwa sababu ya korongo moja pale bondeni. Tunaomba ulitazame unaporudi. Utaliona tu, gari lako litakusalimia kwa kichwa.

Bwana Abdulatifu, wewe tunakushukuru kwa namna ya peke yake. Wengi huja kutukagua wakaona wanachokijua, wakaondoka. Wewe uliona kitu usichokijua, ukakasirika, halafu ukakaa chini ukauliza. Hiyo ni elimu, na hata mimi wa darasa la sita naitambua nikiiona. Tumeshakutafutia watani. Ni wale wanawake watatu waliosimama karibu na pikipiki yako. Nadhani funguo wameshazichukua.

Na Mwamvita, nina neno moja la kukwambia, la dhati, lisilo na utani hata...

Hapana. Sitarudia kosa. Wazee watazimia.

Sasa Mheshimiwa, utepe uko tayari na mkasi anao Asnath, hauachii kirahisi, itabidi mzungumze. Lakini kabla hujainuka, kuna hadithi moja fupi ambayo lazima niwape wageni, ya siku nilipokuwa Usinge natafuta asali, simba akatoka kichakani, tukatazamana, mimi nikamwambia kwa sauti ya chini...

Ni nini hicho?

Nani amewasha mashine? Jamani, utepe bado! Mwamvita! Nakuona mkono wako kwenye swichi, usijifanye unapangusa! Zima, niko kwenye simba!

Mheshimiwa, unacheka? Kumbe mlipanga?

Haya. Haya basi. Mafuta yanashuka, nayaona kutoka hapa, mekundu kama chai. Akina mama, kingeni ndoo vizuri, yasimwagike! Ndugu zangu, nimesema harusini, nimesema misibani, nimesema mbele ya wabunge, na kipaza sauti kikifa huwa naendelea bila hicho. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kunyamazishwa na karanga, na sina pa kukata rufaa.

Wabeja! Wabeja sana! Nawashukuru kwa kunisikiliza, mpaka pale mashine iliporuhusu.